Uingereza: diski ya Ziggy Stardust yarudi baada ya miaka 50, mpiga ngoma peke yake ndiye amebaki

Ijumaa tarehe 17 mwezi wa sita 2022, albamu ya David Bowie, The Rise and Fall of Ziggy Stardust and the Spiders from Mars, ilitolewa upya kwa diski ya vinili. Ilikuwa kwa kukumbuka miaka 50 tangu itoke huko Uingereza, mwezi wa sita 1972.

Mtindo wake unaitwa glam rock: gitari za kelele, nguo za kung'aa, wanaume waliojipaka rangi usoni. Ndani ya nyimbo, Bowie alijigeuza Ziggy, mwimbaji anayeleta ujumbe wakati dunia imebakiza miaka mitano tu.

Safari hii, mafundi walirudia kanda za kwanza za studio ya Trident, London. Sauti iliyotoka kwenye kanda hizo ilipigwa kwa nusu ya mwendo wake, na mashine inayochonga diski nayo ikaenda nusu mwendo. Hivyo sindano inapata muda wa kuchora vizuri hata sauti nyembamba. Mtu akiipiga diski nyumbani kwa mwendo wa kawaida, muziki unasikika sawasawa. Kuna pia diski yenye picha.

Lakini sauti hiyo haikuwa ya Bowie peke yake. Mick Ronson alipiga gitari na kupanga vinanda vya nyuzi, Trevor Bolder alishika besi, naye Mick Woodmansey alipiga ngoma. Tarehe 3 mwezi wa saba 1973, katika ukumbi wa Hammersmith Odeon, London, Bowie aliwaambia watazamaji kwamba hilo ndilo onyesho la mwisho. Ronson alikuwa anajua. Bolder na Woodmansey walisikia habari hiyo palepale jukwaani, pamoja na watu wote.

Ronson alifariki mwaka 1993, akiwa na miaka 46. Bolder alimfuata mwaka 2013. Bowie naye aliaga dunia tarehe 10 mwezi wa kwanza 2016, siku mbili baada ya kutimiza miaka 69.

Kati ya wale wanne, ni Woodmansey tu aliyefikia sikukuu hii. Ngoma inayofungua wimbo wa kwanza wa albamu, polepole, ni yake.