Upatanisho wa Kivumishi katika Kiayalandi

Baadhi ya vivumishi vya Kiayalandi huundwa kutokana na nomino kwa kuongeza kiambishi tamati: fear 'mwanamume' huzaa fearúil '-a kiume'. Kivumishi kinachoifuata nomino hupatana nayo kwa jinsia, idadi na uhusika: fear mór 'mwanamume mkubwa', bean mhór 'mwanamke mkubwa', mná móra 'wanawake wakubwa'. Katika mhór, m imelainishwa, nayo hutamkwa w au v kulingana na lahaja. Lakini kivumishi kikiwa katika kiarifu hakibadiliki: tá na mná mór 'wanawake ni wakubwa'. Vivumishi vya Kiswahili vyenye asili ya Kibantu hupatana na nomino katika miundo yote miwili. Kwa hiyo, upatanisho pekee hautoshi kuwa kigezo cha kukibainisha kivumishi.