Upanga wa sponji: hatari iko kwenye ncha

Kule Marekani, tangu mwaka 1977, wachezaji wa Dagorhir wanapigana vita vya mchezo kwa panga za sponji. Namna gani hawaumizani?

Ndani ya upanga kuna fimbo nyepesi ya fiberglasi ao tiyo ya plastiki. Inazungushiwa sponji ngumu na nene, kisha kitambaa. Sponji laini ya matela peke yake haitoshi: inabonyea upesi, na fimbo inafikia mwili.

Lakini angalia ncha. Fimbo ikitoboa sponji, inaweza kutoboa na jicho. Ndiyo maana mwisho wake unazibwa kwanza, halafu wanaongeza sponji.

Mbele ya mchezo kila silaha inakaguliwa. Iliyoharibika inawekwa pembeni. Na kumpiga mtu upanga kichwani kumekatazwa.

Wazazi, watoto wakijitengenezea panga za kuchezea, anzeni kukagua ncha.