Bwana anahamishwa ng'ambo ya mpaka: mama, tayarisha kwanza afya ya nyumba



Barua ya kuhamishwa kazi ikifika, watu wa nyumba hufurahi, kisha hukimbilia valizi na kamba. Bwana anapelekwa Kitwe, Ndola au Solwezi, katika nchi ya Zambia. Kazi ni ile ile ya shaba, na toka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni kilomita 90 hivi tu. Basi wengi husema: si mbali, tutapanga mambo tukifika.

Hapo ndipo kuna hatari. Bwana anatayarishwa na kampuni: munganga anampima, karatasi zake zinatengenezwa, mahali pa kazi panamngoja. Lakini afya ya mama na ya watoto itatayarishwa na nani? Ni ninyi wenyewe. Muuguzi wa kule hawajui ninyi, na karatasi zenu za Kifaransa ataziona kwa mara ya kwanza. Anzeni basi miezi 2 mbele ya safari, mkifuata mpango huu.

Ulizeni biro ya wafanyakazi

Bwana na mama waende pamoja, waulize maneno 3: Mama na watoto watatibiwa wapi kule? Kuanzia siku gani? Mtoto akiugua mbele ya siku ile, nani atalipa? Andikeni majibu. Inaweza kutokea kwamba haki ya dispanseri ya huku imekwisha, na ile ya kule haijaanza. Kama kuna pengo la namna hiyo, wekeni fedha za matibabu kando. Mama ajue ziko wapi, sababu mtoto anaweza kupata homa usiku, naye bwana yuko kazini.

Karata ya manjano

Zambia inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wasafiri wanaotoka katika nchi zenye ugonjwa huo, na Kongo ni moja yao. Cheti kinaanza kuwa na nguvu siku 10 baada ya sindano. Anayechanjwa leo ili avuke kesho anaweza kukwama mpakani pamoja na nyumba yote.

Zamani cheti kilidumu miaka 10. Tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa sheria za kimataifa za afya, kinadumu maisha yote, hata kile cha zamani. Kwa hiyo tafuta karata yako ya zamani mbele ya kupiga sindano nyingine. Angalia kama jina lililoandikwa linafanana na lile la pasipoti. Usinunue karata bila sindano: karatasi haikingi mtu na ugonjwa. Mtoto asiyefika miezi 9, kwa kawaida hachanjwi. Mama mwenye mimba, au mwenye ugonjwa unaopunguza nguvu za mwili, amwone munganga kwanza.

Daftari la mtoto la kliniki ni kitu kingine, nalo lisipotee. Ndani yake mna chanjo za surua, za polio na nyinginezo. Kama moja imekosekana, ipigwe huku.

Wenye dawa za kila siku

Hapa ndipo tunaona shida kubwa. Mgonjwa wa kifua kikuu anakunywa dawa kwa muda wa miezi 6 au zaidi. Akiziacha katika mwezi wa 3 kwa sababu ya safari, kikohozi kinaweza kurudi na vijidudu vilivyokwisha kuzoea dawa. Hapo matibabu huwa marefu na magumu, na watoto wanaolala naye chumba kimoja wanaweza kuambukizwa. Hali kadhalika mwenye virusi vya UKIMWI, mwenye sukari, mwenye tansio, mwenye kifafa: hakuna anayeruhusiwa kupumzika dawa kwa ajili ya kuhama.

Mwombeni munganga vitu viwili. Cha kwanza, barua ya kuonyesha ugonjwa, siku dawa ilipoanza, na jina la dawa yenyewe, si lile la kampuni iliyoitengeneza, kwa maana boksi la kule linaweza kuwa na jina lingine. Cha pili, dawa za kutosha mpaka kliniki ya kule itakapowapokea. Barua na dawa zisiingie katika lori la mizigo: lori linaweza kungoja Kasumbalesa siku nyingi. Mama azibebe katika mfuko wa mkononi.

Mama mwenye mimba abebe karata yake ya mimba na aina ya damu yake, na amwulize munganga kama mwezi wake unafaa kwa safari.

Dosie ya bwana

Bwana pia asiondoke mikono mitupu. Aombe nakala ya picha za kifua, ya vipimo vya masikio, na karatasi inayoonyesha miaka aliyofanya kazi chini ya udongo au penye vumbi. Ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mawe unaweza kuonekana baada ya miaka mingi, hata mtu akiwa amekwisha kuacha kazi ile. Siku hiyo, bila karatasi, ni vigumu kuonyesha vumbi lilitoka wapi.

Mkifika

Huku kwetu magari yanapita kuume. Zambia yanapita kushoto. Mtoto amezoea kutazama kushoto kwanza anapovuka barabara; kule gari la karibu litatokea kuume. Mpeleke kando ya barabara, mfundishe mara nyingi mbele ya siku ya kwanza ya shule. Baba naye ajifunze, hasa mwenye kinga au pikipiki.

Usiku wa kwanza, chandarua kifungwe mbele ya vyombo kufunguliwa. Mbu wa malaria wako kule kama huku.

Tusisahau moyo wa mama. Bwana anakuta kazi na wenzake. Mama ameacha soko lake, mama yake mzazi na majirani waliomsaidia kulea. Machozi ya siku za kwanza si ugonjwa. Lakini kama majuma 2 yanapita, halali, hali chakula, hapendi tena kitu chochote, apelekwe kwa munganga kama mgonjwa wa homa. Na wewe bwana, ukitoka kazini pita nyumbani kwanza, si baa. Muulize siku yake ilikuwaje, umtafutie watu wa kuongea nao. Wengi wa Katanga wanasikia Kibemba, nacho kinasemwa sana Kitwe na Ndola: ni mlango mzuri.

Jioni hii, bwana na mama, wekeni mezani karata zote za nyumba, mhesabu zinazokosekana. Valizi zitafungwa kwa siku moja. Karata zinadai majuma.

Safari njema, na afya njema.