Picha za kitambo Makina: Andika majina kabla hayajapotea

Hebu jiulize: picha ya zamani zaidi kwenu iko wapi? Si ile uliyopachika Facebook 2012. Ya karatasi. Kama kwenu ni Makina, huenda iko kwenye sanduku la nyanya, imefungwa kwa leso pamoja na vyeti na barua za zamani. Au imetundikwa ukutani na hakuna anayeiangalia tena.

Karatasi hiyo ina kazi kubwa kuliko kupamba sebule. Makina ni kitovu cha Wanubi wa Kibera, wazao wa askari kutoka Sudan waliotumikia jeshi la kikoloni la King's African Rifles. Walianza kupata makao hapa mwaka wa 1904, na mwaka wa 1918 ekari 4,197 zikatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Hatimiliki hawakupewa. Vizazi vilivyofuata vikaonekana kama wageni. Kijana Mnubi akifika miaka 18 alipelekwa mbele ya kamati ya kupigwa msasa, aeleze babu yake alikuwa nani, ndipo afikiriwe kupewa kitambulisho. Mwaka wa 2011, kamati ya Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kuwa Kenya ilikiuka haki za watoto Wanubi. Hatimiliki ya jamii, ya ekari 288, ilikuja 2017.

Mwaka huohuo wa 2011, mpigapicha Mmarekani Greg Constantine alitoa kitabu kiitwacho Kenya's Nubians: Then & Now. Mbali na picha zake mwenyewe, kina picha za kale zilizohifadhiwa na familia. Ukiona babu amevaa sare za KAR, au bibi harusi na wenzake wamejipanga mbele ya nyumba ya Kibera, huhitaji hotuba ndefu kuelewa kuwa watu hawa wako hapa kitambo.

Hata kama wewe si Mnubi, sanduku la kwenu lina hadithi yake. Swali ni kama utaweza kuisoma.

Geuza picha kwanza

Wengi hukimbilia sura. Wewe anza na mgongo. Studio nyingi zilipiga mhuri wenye jina na anwani, na Nairobi imebadilisha majina ya barabara kiasi kwamba anwani pekee inaweza kukupa miaka.

Ukiona "Delamere Avenue", hiyo ni Kenyatta Avenue ya leo, na jina hilo ni la enzi za mkoloni. "Victoria Street" ndiyo Tom Mboya Street; Mboya aliuawa 1969. "Government Road" ikawa Moi Avenue baada ya Moi kuingia Ikulu 1978. Nayo postikadi iliyoandikwa "B.E.A." au "British East Africa" inaelekea kuwa ya kabla ya 1920, mwaka ambao nchi hii iliitwa rasmi Koloni la Kenya. Lakini usikimbie kuhitimisha: mwenye studio angeweza kuendelea kutumia mhuri wa zamani hadi wino uishe. Chukulia ni makadirio, kisha tafuta ushahidi mwingine.

Ushahidi huo uko kwenye karatasi yenyewe. Inamisha picha ya rangi nyeusi na nyeupe kwenye mwanga. Kama sehemu nyeusi zinang'aa kama kioo, ni madini ya fedha yaliyomo yanapanda juu kwa sababu ya umri na unyevu. Kingo zenye menomeno zilipendwa sana kati ya miaka ya 1940 na 1960. Karatasi inayoteleza kama plastiki ilienea miaka ya 1970. Picha ya rangi iliyogeuka nyekundu au rangi ya chungwa mara nyingi ni ya wakati huo pia.

Picha mbili kwenye kadi moja

Ukipita Toi, kwenye mitumba ya vyombo na vitu vya watoto, unaweza kukutana na kadi ngumu yenye picha mbili zinazokaribia kufanana. Usidhani ni makosa ya mashine, na tafadhali usiikate katikati. Ni picha ya stirioskopu. Kila jicho linaangalia picha yake, ubongo unaziunganisha, na unaona kitu kina kina. Mwingereza Charles Wheatstone alieleza jambo hilo 1838, miaka mingi kabla ya miwani ya VR.

Mdogo wake ni View-Master, kile kidude cha kuwekwa machoni na kubonyezwa pembeni, kilichozinduliwa Marekani 1939. Diski yake ina picha 14 ndogo, yaani jozi 7. Ukikipata, usisugue lenzi kwa shati. Pangusa vumbi kwa brashi laini. Diski zisikae juani. Kama ni kifaa cha betri, zitoe kabla hazijavuja.

Maadui wa picha mtaani

Nyumba ya mabati huoka mchana na kutoa jasho usiku. Moshi wa jiko hupaka kila kitu. Mvua huingia, mende hula gundi, na moto mtaani hauombi ruhusa. Kwa hiyo:

Usiweke sanduku sakafuni wala juu kabisa karibu na mabati. Katikati ya nyumba, mbali na jiko na ukuta wenye unyevu, ni afadhali.

Usilaminishe picha ya zamani. Joto na gundi vikishaingia, hakuna kurudi nyuma. Selotepu pia ni adui, na zile albamu za kurasa zenye gundi vilevile.

Usiandike kwa biki. Tumia penseli laini, polepole, pembeni mwa mgongo.

Picha ikishikana na kioo cha fremu, usiibandue. Ipige picha hivyohivyo.

Zikilowa kwa mafuriko, zisikaukie zikiwa zimeshikana. Zisuuze taratibu kwa maji safi, zitenganishe, kisha zianike kivulini juu ya kitambaa safi, sura ikiangalia juu.

Kisha tengeneza nakala. Simu yako inatosha kuanza: kaa karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa sambamba na picha. Piga mbele na nyuma. Weka nakala moja kwenye simu, moja mtandaoni, na moja kwa jamaa anayeishi mtaa mwingine. Kama unatumia programu ya kutia rangi, itie kwenye nakala. Ya asili iache ilivyo.

Kazi isiyongoja

Karatasi ikitunzwa vizuri inaweza kumaliza miaka mia. Anayejua majina hana muda huo. Picha ya watu sita ambao hakuna anayewatambua inakuambia walivaa nini, basi. Ukiwa na majina, inakuambia nani alioa wapi, nani alijenga nyumba ipi, nani alienda vitani asirudi.

Basi keti na nyanya Jumapili moja. Usimletee sanduku zima. Picha tano zinatosha. Washa kinasa sauti cha simu, umwombe ruhusa, umwulize: huyu ni nani, hapa ni wapi, nani alipiga? Mwache aongee Kinubi, Kiluo, Kikamba au lugha yoyote inayomjia, tafsiri itafuata. Na akikataa kukuachia picha, usimlazimishe. Mali ni yake.

Mtu akikuomba picha za kwenu aende nazo, mpe nakala. Sanduku libaki nyumbani.