Hatua Njema za Bwana na Bibi: Tusherehekee Bila Kupandisha Presha



Binadamu akifika hatua njema hufurahi. Akipata kazi hufurahi. Akipona hufurahi. Hilo ni jambo jema, na mimi sikatazi sherehe. Lakini zipo sherehe zinazomrudisha mtu zahanati. Leo nawaeleza habari za bwana mmoja na mkewe wa kijiji jirani. Wameniruhusu niwasimulie, bila kutaja majina yao.

Bwana ni karani wa mizani katika chama cha ushirika. Kazi yake ni ya kukaa. Zamani alikwenda kazini kwa miguu, kilomita tatu kwenda na tatu kurudi. Alipopata pikipiki aliacha kutembea. Tumbo likakua. Siku moja alikuja kwangu kwa ajili ya kikohozi. Nikampima shinikizo la damu, yaani presha. Nikakuta 168 kwa 104. Nilimpima tena siku nyingine mbili. Presha ilikuwa juu zote mbili.

Namba hizo maana yake nini? Namba ya kwanza ni nguvu ya damu moyo unaposukuma. Namba ya pili ni nguvu ya damu moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Mtu mzima akipimwa siku mbalimbali na kukutwa na 140 kwa 90 au zaidi, ana presha ya kupanda. Ugonjwa huu mara nyingi hauumi. Mtu analima, anacheka, anakula, kumbe mishipa yake inaharibika. Mwisho wake waweza kuwa kiharusi, yaani kupooza, au ugonjwa wa moyo, figo au macho.

Nilimpa vidonge. Nilimwambia aache pikipiki nyumbani na atembee. Nilimwita na mkewe, kwa sababu chumvi haitiwi na mgonjwa, hutiwa na mpishi. Mtu mzima anatosheka na kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa siku nzima. Hiyo ni pamoja na chumvi iliyo ndani ya samaki wa ng'onda na ile ya unga wa supu wa dukani. Magadi nayo yahesabiwe, maana nayo yanaweza kupandisha presha. Chumvi yenyewe iwe ile yenye madini joto, lakini iwe kidogo.

Mama huyu alijifunza kusoma na kuhesabu katika darasa la watu wazima, akiwa na watoto wanne. Alichukua chaki. Kila siku bwana aliyotembea, alichora mstari mmoja nyuma ya mlango wa jiko. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo. Bwana aliniambia kwamba mistari ile ilimwamsha kitandani kuliko maneno yangu.

Baada ya miezi minne nilimpima nikapata 128 kwa 80. Nilifurahi sana. Nilimpa mkono nikamwambia, "Hongera mzee, umeshinda!" Hapo nilikosea. Mtu akiambiwa ameshinda, anadhani vita imekwisha. Bwana aliwaita rafiki zake. Walikunywa pombe na kula nyama ya mafuta siku tatu. Vidonge akaviweka juu ya kabati, akasema vya nini tena. Pikipiki ikatoka. Mkewe alinyamaza, maana angesema nini siku ya furaha?

Wiki ya tano mama alimleta. Kichwa kilimuuma na macho yaliona ukungu. Presha ilikuwa 182 kwa 110. Siku hiyo hiyo tulimpeleka kituo cha afya. Hakupooza, lakini alikuwa karibu.

Ndugu msomaji, elewa jambo hili vizuri. Kwa watu wengi dawa ya presha haiondoi ugonjwa. Inaushikilia usipande. Ni kama nguzo ya nyumba. Huwezi kuing'oa nguzo kwa sababu paa limekaa vizuri, kwani paa limekaa vizuri kwa sababu ya nguzo. Namba ikishuka, endelea na vidonge mpaka mganga wako akuambie vinginevyo.

Bwana alianza upya. Mistari ya zamani ilifutwa ikaanza mingine. Sikumtaka akimbie. Hatuhitaji kukimbia kama Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974 huko Christchurch, New Zealand. Inatosha kutembea kwa haraka nusu saa kwa siku, siku tano katika wiki. Tembea kiasi kwamba unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ukisikia maumivu ya kifua au ukakosa pumzi, simama, kisha uende zahanati.

Mstari wa mia moja ulipokaribia, mama naye alifika hatua yake. Kikundi chao cha kuweka na kukopa kilimchagua kuwa mweka hazina. Mwanamke aliyekuwa akitia dole gumba sasa anaandika daftari la fedha za watu! Wakaamua kufanya sherehe moja ya mambo mawili.

Walikuja kuniuliza wapike nini. Nikawaambia chinjeni jogoo, msiogope. Walimchemsha kwa nyanya na vitunguu, wakakamulia ndimu ili chumvi iwe chache. Palikuwa na ugali, mchicha, maembe na maji ya ukwaju. Pombe haikuwapo. Wageni wawili waliondoka mapema, na kwa maoni yangu hawakupunguza kitu.

Kilichonifurahisha zaidi ni zawadi. Mama alimnunulia bwana raba za kutembelea. Bwana alimnunulia mama kanga, tena akaahidi kuchota maji mwezi mzima ili mkewe apate nafasi ya kuandika daftari. Wanaume wenzake walimcheka kisimani. Walisema amelishwa limbwata. Yeye alijibu kwamba mganga amemwandikia ndoo mbili asubuhi na mbili jioni. Sikumwandikia, lakini sikumkanusha. Akina mama wengi wa vijiji vyetu hawana upungufu wa mazoezi. Wana upungufu wa kupumzika.

Asubuhi ya sherehe walikuja wote wawili kupimwa. Bwana alikuwa 130 kwa 82. Nikamwambia mama, "Kaa na wewe." Alicheka, akasema yeye haumwi, na mara ya mwisho kupimwa ilikuwa mimba ya mtoto wa mwisho. Nilimkalisha dakika tano bila kuongea, miguu chini, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Nikapata 152 kwa 96. Nilirudia, ikawa vile vile. Wiki iliyofuata nilimpima tena mara mbili, siku tofauti. Haikushuka.

Hivyo miezi yote ile alimhesabia mwenzake mistari, na mwenyewe hakuna aliyemhesabia. Hata mimi nilimwita kama mpishi tu, sikumpima.

Sasa mlango wa jiko una safu mbili za chaki. Safu ya kulia ni ya mama, na anayeichora ni bwana. Jioni kazi ikiisha hutembea pamoja hadi daraja la mto na kurudi. Mwanzoni watoto waliwafuata wakiwashangaa. Siku hizi wamechoka kuwashangaa. Mstari wa mia moja wa mama utafika wakati wa kuvuna mpunga, na nimesikia bwana amekwisha kuulizia bei ya raba za wanawake.