Mkulima na Neno "Kesho"

Wakulima, kiwavi ana dawa yake, na magugu yana jembe lake. Lakini liko neno moja linaloharibu shamba, nalo halina dawa dukani, kwa sababu hukaa kinywani mwa mwenye shamba mwenyewe. Neno hilo ni "kesho."

Watu wengi hudhani kwamba mwenye kuahirisha kazi ni mvivu. Si kweli sikuzote. Mvivu hataki kazi. Mwenye kuahirisha anaitaka, tena amekusudia kuifanya, na moyo wake humsumbua kwa kuwa hajaifanya. Basi yafaa tujue kwanza chanzo cha jambo hili, kisha tutafute njia ya kuliondoa.

KUSUBIRI NA KUAHIRISHA

Mambo haya mawili si kitu kimoja. Mkulima anayesubiri zamu yake ya maji, au anayesubiri mvua ilowanishe udongo vizuri kabla ya kupanda, anafanya busara. Ukimwuliza anasubiri nini, atakujibu mara moja. Mwenye kuahirisha hana jibu ila "bado kidogo." Hiki ndicho kipimo: kama huwezi kukitaja kitu unachokisubiri, basi husubiri, unaahirisha.

KWA NINI TWAAHIRISHA?

Kwanza, taabu ya leo iko karibu na faida yake iko mbali. Mtu aliye ng'ambo ya mto huonekana mdogo kuliko aliye kando yako, ingawa kimo chao ni kimoja. Ndivyo tunavyoyaona magunia ya mavuno, na jua la leo twaliona kali kwa kuwa liko kichwani.

Pili, twadhani kwamba kesho tutakuwa na nguvu na nafasi zaidi. Lakini kesho ikifika huitwa leo, nayo huja na kazi zake.

Tatu, kazi ikiwa kubwa hatujui pa kuanzia. Mtu hutazama ekari nzima ya magugu, akakata tamaa, akarudi kivulini.

Nne, kazi ya wote huwa haina mwenyewe. Mfereji ukijaa matope, kila mmoja humngoja jirani aanze.

MFANO WA BUSIA

Jambo hili limepimwa hapa Kenya, kwa wakulima wa mahindi wa Busia. Wataalamu watatu, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson, walichunguza matumizi ya mbolea huko. Wakulima waliokwisha kuona faida ya mbolea katika mashamba ya majaribio waliulizwa kama wataitumia msimu ujao. Karibu wote walijibu ndiyo. Msimu ulipofika, waliotimiza neno lao walikuwa chini ya nusu.

Wakulima hawa hawakusema uongo. Walipovuna walikuwa na fedha, lakini kununua mbolea kuliweza kungoja. Siku ya kupanda ilipofika, fedha zilikuwa zimekwisha kwa mahitaji mengine.

Basi ukajaribiwa mpango ulioitwa SAFI. Mara baada ya mavuno mtu alifika nyumbani kwa mkulima, akamwuzia hati ya mbolea kwa bei ya kawaida, na mbolea ikaletwa baadaye bila malipo ya kuileta. Waliotumia mbolea wakaongezeka sana. Wengine walipewa nafasi hiyo hiyo ya kuletewa bure, lakini karibu na wakati wa kupanda. Kwao ongezeko lilikuwa dogo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Funzo lake ni hili: amua na ununue siku ambayo fedha ziko mkononi.

HAPA KWETU TANA

Hapa Madogo hatuhitaji kwenda Busia kujua kwamba siku iliyopita hairudi. Mwezi wa Novemba 2023, na tena Aprili 2024, maji yalifunika barabara kati ya Madogo na Garissa. Mtu aliyekuwa bado hajavuka kununua mbegu au dawa, njia yake ilikatika. Vivyo hivyo, tukionywa kwamba bwawa la Masinga limejaa, mashine ya maji iliyo ukingoni yapasa kuhamishwa siku ile ile. Mto hausikii udhuru.

Angalieni pia viwavi jeshi walioingia Kenya mwaka 2017. Kiwavi akiwa mchanga dawa humpata upesi. Akikua hujificha ndani ya moyo wa mhindi, na dawa haimfikii tena.

Hata kazi ya baada ya mavuno haipendi kesho. Mahindi yakiwekwa na unyevu huota sumukuvu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Anikeni mahindi mapema, juu ya turubai, mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, ndipo myatie ghalani.

TUFANYE NINI?

1. Taja siku, saa na mahali. Usiseme, "Nitapalilia wiki hii." Sema, "Jumanne, saa kumi na mbili unusu asubuhi, nitaanza upande wa mfereji."

2. Igawe kazi. Pima mistari kumi, uimalize, kisha upumzike. Aliyekwisha kuanza huona kazi imepungua.

3. Tayarisha vyombo jioni. Jembe lililonolewa na kuwekwa mlangoni humwita mwenyewe.

4. Mwambie mwenzako. Mkubaliane kusafisha mfereji siku moja, na kila mtu apimiwe kipande chake, ajulikane.

5. Ukiuza mazao, tenga kwanza fedha za mbegu na mbolea, tena uvinunue kabla ya kurudi nyumbani.

6. Kama kinachokuzuia ni kutojua, au hofu ya kuulizwa kwa nini umechelewa, njoo afisi ya kilimo hivyo hivyo. Mmea ulioanza kuugua wiki jana una nafuu kuliko utakaoletwa mwezi ujao.

Leo jioni, kaa na jamaa yako mjiulize: Ni kazi gani shambani tumeisema zaidi ya mara tatu bila kuifanya? Twasubiri nini? Kama hakuna jibu, itieni siku na saa kabla ya kulala. Wazee walisema, linalowezekana leo lisingoje kesho.