Firigisi ya mgeni: Adabu ya karamu ya nyumbani Magharibi

WAHENGA walinena kwamba mgeni njoo mwenyeji apone. Hata hivyo, mgeni asiyezijua desturi za anakokwenda huweza kumwachia mwenyeji jeraha badala ya uponyaji.

Hili lilinibainikia miaka kadhaa iliyopita nilipofunga safari na wenzangu wanne wa kazini, wawili kati yao wanawake, kutoka Nairobi hadi nyumbani kwa mmoja wetu karibu na Kakamega. Tulipofika Kericho njaa ilitubana, tukaingia hotelini na kula chipsi na nyama hadi tukalegeza mishipi. Kisha tukapitia Kisumu, tukapanda vilima vya Kiboswa, Mbale na Chavakali, na kuwasili alasiri tukiwa tumeshiba ndi!

Kumbe mama mzazi wa mwenzetu alikuwa ametuandalia karamu. Tuliidonoadonoa kwa ncha za vidole. Mama hakunena neno. Alivifunika vyombo polepole na kuvirudisha jikoni. Usiku, mwenzetu alitufichulia kwamba majogoo wawili waliochinjwa walikuwa wamekusudiwa kuuzwa sokoni ili kuchangia karo ya mjukuu.

Ni vyema basi msafiri aelewe maana ya anachoandaliwa. Katika jamii ya Waluhya, kuku, au ingokho, ndiye kipimo cha heshima anayopewa mgeni. Kuku wa kienyeji huwa na nyama ngumu, na hivyo huhitaji kutokoswa kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo, mpishi huanza kazi mapema, wakati ambapo mgeni angali barabarani.

Kuku huyo huliwa kwa obusuma, yaani ugali. Ule wa wageni aghalabu husongwa kwa unga wa wimbi, wakati mwingine ukichanganywa na wa muhogo, ukawa wa rangi ya kahawia na mzito mkononi.

Pembeni huwapo mboga. Mrenda huteleza, nao hupikwa pamoja na kunde ili uwe na mwili. Tsisaga, yaani mgagani, ina uchungu, na hutulizwa kwa maziwa. Ili majani yalainike upesi, wapishi hutumia maji yaliyochujwa kutoka kwa majivu ya maganda ya maharagwe.

Kuna wakati mboga hizi zilidharauliwa na kuitwa chakula cha maskini. Kenya ilianza juhudi za kuuokoa urithi huo mwaka wa 2007, na mnamo Desemba 2021 shirika la UNESCO liliitambua kazi hiyo kuwa miongoni mwa mifano bora ya kuhifadhi turathi.

Fauka ya hayo, kila kiungo cha kuku kina mwenyewe. Firigisi ni haki ya mwenye boma, naye anaweza kumpisha mgeni anayetaka kumtukuza. Mimi, niliyekuwa mkubwa kwa umri miongoni mwa wageni, niliiona firigisi katika bakuli langu nikaiacha, nikidhani ni kipande cha kujazia.

Desturi ya kale pia iliwakataza wanawake kula kuku na mayai. Siku hizi wengi wameiacha, lakini baadhi ya akina mama wa makamo ya juu wangali wanaifuata. Wenzetu wa kike waliandaliwa nyama, ilhali mama aliyeipika alikula mboga jikoni.

Asubuhi iliyofuata tulimwomba radhi mama na kumsihi atupashie moto chakula cha jana. Alicheka kwa mara ya kwanza. Bakuli langu liliporudi, firigisi ilikuwa palepale. Nilipomwomba aipokee yeye kwa kuwa ndiye aliyetaabika, alitikisa kichwa.

"Mwanangu, firigisi ni ya mgeni," akasema. "Mimi nipe paja."

Akaketi mezani pamoja nasi, akala. Mwenzetu alituambia baadaye kwamba hajawahi kumwona mamake akila kuku. Kabla ya kuondoka tulichanga fedha, tukampa mwanawe aziongeze kwenye karo ya mtoto.

Kwa hivyo, msomaji, unapopanga safari na marafiki kuelekea nyumbani kwa mmoja wenu, usijaze tumbo njiani. Kama kuna chakula usichokula kwa sababu za dini au afya, mwarifu mwenyeji mapema, kabla kisu hakijanolewa. Mkono mtupu haulambwi, basi beba sukari, majani chai, mkate au mafuta ya kupikia. Ukifika, nawa mikono, onja kila kilichotengwa, na uulize kipande ulichopewa kina maana gani kabla ya kukisukuma kando.